Meza ya Rukundo, Mikono ya Verdiane

Verdiane hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na tuseme hilo mapema ili asije mtu akalalamika baadaye. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, na alikuwa na meza. Meza hiyo ilikaa barazani mwa nyumba yake, kando ya njia inayoshuka Rubaya, pale wabebaji wa mizigo wanapotua magunia na kuvuta pumzi. Juu yake palikuwa na feri, chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, multimetre ya kupimia umeme yenye kioo kilichopasuka, na kopo la maziwa lililojaa vipande vilivyong'olewa kwenye mashine zilizokufa. Redio, taa za jua na simu za mlima ule wote zilifufukia hapo.

Watu waliiita meza ya Rukundo. Rukundo alikuwa mume wake, fundi mwenye jina, na jina hilo lilikuwa halali kabisa mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Tangu hapo yeye alikaa mbele, akasalimia wateja, akaitegea sikio redio inayokoroma na kusema, "Acha hapa, utapita kesho." Kisha mashine ilipitishwa nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia alikaa Verdiane. Yeye ndiye aliyefungua, aliyepima, aliyechoma. Mlima mzima ulijua, na mlima mzima ulinyamaza, maana kumvua mwanaume nguo mbele ya watu si adabu. Verdiane naye hakudai sifa. Alimpenda mume wake, na alipenda harufu ya risasi ikiyeyuka, na hayo mawili yalimtosha.

Ugonjwa wa kifua ukamchukua Rukundo. Yale mawili yakabaki moja, na hilo moja nalo wakataka kumnyang'anya.

Aliyelitaka alikuwa Habineza, kaka mkubwa wa marehemu: mwenye ng'ombe, mwenye bibi, yaani mke, mwenye koti la ngozi, asiye na haya. Nyuma yake alisimama Papa Ndayambaje, baba mdogo wao, mzee wa ukoo. Katika ukoo ule, siku ya kuondoa kilio, chombo cha kazi cha marehemu hukabidhiwa ndugu mwanaume. Panga la mkulima hivyo, nyundo ya mhunzi hivyo. Papa Ndayambaje alifikiri, akakuna kidevu, akaamua kwamba feri nayo ni nyundo.

"Feri haiendake kwa bibi," alimwambia Verdiane, akiwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote nyumbani mwake. "Lakini usiogope, mwanangu. Habineza atakuingiza kwake. Utabakia mu nyumba yako, na meza itabakia palepale."

"Na mimi nitakuwa nini, Papa? Kiti ya meza?"

"Utakuwa bibi yake."

"Iko na bibi. Ule bibi mulimuuliza?"

"Verdiane!"

"Na kama nakataa?"

Mzee aliitazama fimbo yake. "Ukikataa, utarudi kwenu. Siku ya kilio utachagua."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: aolewe na mtu asiyemtaka, au aondoke mikono mitupu kwenye nyumba aliyoijenga na kwenye kazi aliyoifanya kuliko mwenye jina. Verdiane alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Hakulia. Machozi yake yalikuwa ya Rukundo, na hakuona kwa nini Habineza apewe hata tone.

Habineza hakuwa na subira ya kungoja siku yenyewe. Ijumaa, kabla ya Jumapili ya kilio, alikuja na kuketi mezani, akawasha feri kwa batri ya sola kama mtu anayewasha sigara yake. Ndipo akaja Élie, kiongozi wa korali, kwaya ya kanisa, amebeba piano ya korali mgongoni kama mgonjwa.

Piano ile ilikuwa ya plastiki, imeandikwa tumboni kwamba chakula chake ni volti tisa. Zamani ililishwa mabatri ya tochi, yale makubwa, lakini korali gani ya mlimani inaweza kununua mabatri kila Jumapili? Kwa hiyo waliifunga kwenye batri ya pikipiki kupitia kisanduku alichotengeneza Rukundo, yaani Verdiane. Ndani ya kisanduku kulikuwa na regulateri, kile kidude cheusi cha miguu mitatu kinachoshusha nguvu ya batri. Mguu mmoja unakula, mguu mmoja unatoa, wa katikati unakanyaga chini. Namba mbili za mwisho zilizoandikwa kifuani zinasema kinatoa ngapi: tano, nane, tisa, kumi na mbili. Sasa mvua ilikuwa imeingia kisandukuni, na kidude kilikuwa kimepasuka kifua.

"Jumapili iko misa ya Rukundo," Élie alisema, akimtazama Verdiane. "Bila piano, soprano watapanda juu mpaka wapotee."

"Leta huku," alisema Habineza.

Alimwaga kopo la maziwa mezani, akachambua vipande kwa ncha ya kidole. Verdiane alisimama mlangoni. Kati ya vile vyote hapakuwa na cha tisa. Cha mwisho ndicho kilichopasuka. Habineza akaokota kimoja na kukiinua juu.

"Douze, kumi na mbili," alisema kwa furaha. "Batri iko ya douze, hii pia iko douze. Zinaelewana."

Tusimcheke sana. Mlima ule wote umejifunza umeme kwenye pikipiki. Taa ya pikipiki hununuliwa kwa namba ya batri, honi kwa namba ya batri, na dereva aliyekosea namba hulala porini. Mtu aliyelelewa hivyo akiona kumi na mbili na kumi na mbili, moyo wake hutulia. Hata Élie alitikisa kichwa kukubali.

"Shemeji," Verdiane alisema, "hauchague kwa kuangalia batri. Unachagua kwa kuangalia ule mwenye kula. Shati inapimwaka kwa mwili, haipimwake kwa kitambaa. Piano iko tisa."

"Enda utafute maji ya kunywa."

"Maji iko pale. Miguu uko nayo."

Habineza alichoma. Alichoma vibaya, risasi ikakaa kama madonge ya ugali, lakini ilishika. Wakafunga waya, na piano ikawaka taa zote. Élie akabonyeza, na sauti ikatoka kubwa kuliko siku zote. Wabebaji waliokuwa wakipumzika njiani wakapiga makofi. Habineza alifungua vifungo vya koti ili kifua kipate nafasi.

Verdiane alinusa. Kila mtu ana harufu inayomwamsha usingizini. Kwa mwingine ni chui, kwa mwingine ni maziwa yanayofurika. Kwake ilikuwa ile harufu tamu ya plastiki inayoanza kuchoka. Alipita kati ya wanaume, akatia kiganja chini ya piano, akakiondoa haraka. Kisha akashika waya na kuung'oa wote.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwenye mashimo ya wachimba madini ya kolta. Habineza alisema ni wivu. Mmoja akasema mjane amechanganyikiwa. Papa Ndayambaje, ambaye huwa hayuko mbali na kelele, alifika na fimbo, na Verdiane akajaribu kumweleza kwamba regulateri ya kumi na mbili haiwezi kushusha chochote kwenye batri ya kumi na mbili, inapitisha tu kile inachopata, na piano ilikuwa inalishwa kupita tumbo lake.

"Ilikuwa inaimba!" mzee alisema.

"Hata kuku yenye imechinjwa iko inaruka, Papa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Habineza, beba hii vitu yote. Na wewe Verdiane, usiguse tena feri ya bwana yako."

Wakabeba feri, multimetre na kopo. Meza ikabaki tupu, na alama za moto zikionekana juu yake. Verdiane aliitazama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliogopa kweli.

Lakini woga wake haukuwa na maisha marefu. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa soko, na Élie alimkuta ameketi karibu na mbabula, jiko la makaa la Laetitia, rafiki yake anayekaanga mandazi. Alikuwa amepigilia misumari miwili kwenye vipande vya mti ili ishikike, na misumari ilikuwa ndani ya makaa, myekundu kabisa. Msumari mmoja ukipoa, unachukua wa pili. Mafundi wa mlimani walifanya hivyo kabla ya sola kufika, na Rukundo mwenyewe alianzia hapo.

"Nilijua utakuja," Verdiane alisema. "Weka piano chini."

Élie alitazama huku na huku. "Papa Ndayambaje alisema..."

"Alisema nisiguse feri. Hii ni musumari. Unataka piano ao unataka kwenda?"

Élie aliweka piano chini.

Tatizo lilikuwa vipande. Kopo lilikuwa kwa Habineza. Verdiane akasimama, akaitoa ile sauti ya kuita ng'ombe, na kuwaambia watu wa soko kwamba yeyote mwenye mashine iliyokufa nyumbani ailete izikwe vizuri. Soko likacheka, kisha likaleta. Ilikuja redio-kaseti isiyo na mlango, dekoda ya televisheni iliyopigwa na radi, chaji ya gari iliyokanyagwa. Verdiane aliyapasua yale maiti kwa kisu cha Laetitia, akakwangua risasi yake, akang'oa regulateri zake, na kuzipanga kwenye jani la mgomba. Hapakuwa na ya tisa. Palikuwa na ya tano, ya nane, ya kumi na mbili, na moja iliyoandikwa namba nyingine kabisa.

Alikaa akiziangalia muda mrefu, na mandazi yakaungua kidogo kwa sababu Laetitia naye alikuwa anaangalia.

Ya kumi na mbili aliitupa kando bila kuifikiria. Ya tano ingeifanya piano iwake taa na kunyamaza, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ile ya namba nyingine ndiyo iliyomtesa.

"Hii iko ya kurekebisha," alimwambia Élie. "Unaiwekea rezistansi mbili, vile vidude ya mistari ya rangi, inatoa kile unataka. Hata tisa juu ya alama."

"Basi weka hiyo!"

"Na nitajuaje imetoa tisa? Multimetre iko kwa Habineza. Rezistansi nimezitoa mu mashine ya radi, rangi za kusoma namba yake zimeungua. Nikikosea, piano itakufa kesho mbele ya altare, na wote watasema Habineza alisema kweli." Akairudisha kwenye jani. "Hii iko na akili kunishinda leo. Sitaki kitu yenye akili. Nataka kitu yenye inashika neno yake."

Akachukua ya nane. Ya nane hutoa nane, upende usipende, ipimwe isipimwe. Lakini nane si tisa, na Élie alikuwa na macho ya kuliona hilo. Verdiane akang'oa kutoka kwenye dekoda diodi moja, kipande kidogo kama punje ya mtama, akaichomea chini ya mguu wa katikati. Mguu ule uliokuwa ukikanyaga chini sasa ulisimama juu ya kitu, kama kiti kifupi kilichowekewa kibao, na kiti kikiinuka, anayekalia naye huinuka.

"Sasa inatoa nane na zaidi ya nusu," alisema. "Itatosha. Ulipokuwa unatumia mabatri ya tochi, nyuma ya Jumapili moja yalikuwa yanachoka, hayatoe tena tisa. Piano iliacha kuimba?"

"Hapana."

"Njo vile na leo."

Regulateri hupata joto, na joto linahitaji mahali pa kukimbilia. Verdiane alinyoosha mkono, akachukua kifuniko cha sufuria cha Laetitia na kukata kipande kwa makasi ya fundi cherehani.

"Kifuniko yangu!" Laetitia alilia.

"Utakuwa unafunikia jani. Mama yako alifunikia jani, na uko hapa."

Akakaza kile kipande cha alumini mgongoni mwa regulateri. Kisanduku cha zamani kilikuwa cha bati, na hilo halikumpendeza. Mguu wa katikati ukishainuliwa, mgongo wa regulateri haukubali tena kugusana na bati lililofungwa kwenye chini ya batri, yaani upande wake hasi. Yakigusana, kazi ya diodi inakwisha. Kwa hiyo akaomba kopo la plastiki la kuwekea sabuni, akatoboa kwa msumari wa moto, na kuvitia vyote humo.

Hapo ndipo Habineza alipopita, koti la ngozi juani.

"Nani amekupa ruhusa?"

Verdiane hakuinua uso. Alikuwa ameshika msumari mwekundu, na mkono haukutetemeka. "Hii musumari ilikuwa ya Rukundo, shemeji? Mbabula ilikuwa ya Rukundo? Uliza Laetitia kama nilirithi mandazi."

Soko likacheka, na safari hii lilimcheka mwenye koti. Habineza alisema maneno mengi. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Verdiane alichoma waya wa mwisho.

Ikabaki kujaribu. Hapakuwa na kioo cha multimetre cha kumwambia kwamba amefanya sawa. Kulikuwa na piano ya watu wote, batri, na kiganja chake. Akaunganisha. Taa zikawaka, na Élie akaanza wimbo mzima, ubeti kwa ubeti, Verdiane akiwa ametia mkono chini ya piano. Ilibaki baridi. Akagusa kile kipande cha kifuniko: vuguvugu, kama yai lililotagwa sasa hivi. Akatoa pumzi aliyokuwa ameifunga tangu Ijumaa.

"Beba," alisema. "Na kesho usicheze polepole. Rukundo hakupenda nyimbo za kulala."

Jumapili piano iliimba misa nzima. Soprano hawakupotea. Verdiane alilia sana, kwa sauti, bila kujizuia, maana kile kilikuwa kilio cha mume wake na hapakuwa na mtu wa kumhukumu. Alijua pia, huku analia, kwamba misa si baraza la ukoo. Wapo watu wanaoweza kusikia piano ikiimba na bado wakagawa vitu vyako.

Na kweli. Baada ya misa ukoo uliketi uani. Feri, multimetre na kopo viliwekwa juu ya mkeka, Habineza akaketi karibu navyo, mikono tayari. Papa Ndayambaje hakusema neno juu ya piano. Alijaza kibuyu kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakinyoosha kwa Verdiane.

Hapo kuna jambo la ukoo ule ambalo lazima lijulikane. Mjane ndiye anayekunywa kwanza. Akishakunywa, kilio kimeondoka: kitambaa cheusi kinavuliwa, vitu vinagawiwa, yeye mwenyewe anaweza kuchukuliwa. Kibuyu kikishanyooshwa kwake na kabla hajanywa, marehemu ndiye mwenye nyumba, na mtu mwingine anayegusa kitu chake amejilaani yeye na mifugo yake. Hakuna aliyewahi kuliona kama mlango wa kutokea, kwa sababu hakuna mjane aliyetaka kubaki ndani. Mwenye kilio haimbi, hachezi, haketi kwenye kiti cha sherehe, havai rangi. Watu humsikitikia na kumkwepa. Wote hunywa, tena hunywa haraka.

Verdiane alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikitazama. Akainama, akakiweka chini, taratibu, hata tone halikumwagika.

"Sinywe," alisema.

Mzee alikisogeza kibuyu karibu naye kwa ncha ya fimbo.

"Kunywa, mwanangu," alisema Papa Ndayambaje. "Jua linakwenda."

"Siyamaliza kulia bwana yangu, Papa. Kilio yangu haiyaisha."

"Itaisha lini?"

"Siku nitaona mimi."

"Utavaa nyeusi mpaka uzee? Hautaimba tena? Hautacheza kwa harusi ya mutu yeyote?"

Swali lile lilimchoma, kwa sababu alipenda kuimba na alipenda kucheza, na alikuwa bado na miaka ya kufanya yote mawili. Akakaza fundo la kitambaa chake cheusi.

"Nitavaa. Feri haiangaliake rangi ya kitambaa."

Akaenda kwenye mkeka, akaokota feri, akaokota multimetre, akatia kopo kwapani. Habineza aliinuka nusu, mkono mbele. Aliyemshika koti na kumrudisha chini kwa nguvu alikuwa Papa Ndayambaje mwenyewe, kwa hasira, kwa sababu kati ya wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyeiamini sheria ile kuliko wote.

Jumatatu meza ilikuwa imejaa. Tangu siku hiyo Verdiane huketi mbele, kitambaa cheusi kichwani, na pazia amelishona likawa mto wa kiti. Jumapili hukaa kimya mwishoni mwa kanisa wakati korali inaimba, na kuna nyimbo ambazo kuzinyamazia ni mateso; hilo halifichi. Kila ndizi zikiiva, Papa Ndayambaje humtumia kibuyu cha kasiksi. Verdiane hukipokea kwa mikono miwili, hushukuru kwa heshima zote, huuliza hali ya mzee na ya ng'ombe. Kisha, bila kuonja tone, humpa mbebaji wa kwanza anayetua gunia lake njiani, anywe yote, na yeye humrudishia mzee kibuyu kikiwa kimeoshwa.